Jicho Likichubuliwa Shambani, Nenda Siku Hiyohiyo

Hii ni hotuba niliyoitoa kwenye mkutano mkuu wa chama cha msingi cha wakulima wa korosho, Wilaya ya Tandahimba. Naiweka nzima kwa ajili ya wanachama waliokuwa misibani, safarini au shambani siku ile.

Wazee wangu, shikamooni. Asalaam alaykum. Tumsifu Yesu Kristo.

Mheshimiwa Mwenyekiti, wajumbe wa Bodi, Ndugu Mtendaji, viongozi wetu wa dini, mama zangu, baba zangu, na nyinyi vijana mliokaa juu ya ukuta kule nyuma, nashukuru kwa nafasi hii. Nimewekwa katikati ya ajenda ya pembejeo na ajenda ya makato, na najua makato ndiyo yaliyowatoa wengi nyumbani asubuhi hii. Nivumilieni. Siku chache zijazo mtabeba salfa, ile dawa ya mikorosho, na mabomba kwenda kupulizia. Wengine bado mnafyeka na kupogolea. Na kila mwaka, kazi hizi zikishaanza, kuna macho yanaletwa hospitali yakiwa yamechelewa. Nimekuja kuyaombea macho hayo yawahi.

Nianze na swali. Nani hapa hajawahi kupigwa jicho na kijiti cha mkorosho, au kuingiwa na makapi ya ufuta wakati wa kupura, au pumba za mpunga, au mchanga akiwa kwenye bodaboda? Anyooshe mkono.

Sioni mkono hata mmoja.

Haya, swali la pili. Ulipopigwa, ulifanya nini? Ulifikicha. Ulifuta kwa upindo wa kanga. Mwenzio alikupuliza jichoni kwa mdomo. Kisha ukashika panga ukaendelea. Na mara nyingi jicho lilitulia lenyewe, kesho yake ukasahau. Hilo ndilo linalotuponza, ndugu zangu. Kwa kuwa mara nyingi linatulia, siku lisipotulia tunaliachia tu. Tunasema litatulia kesho. Kesho inakuwa kesho kutwa, kesho kutwa inakuwa mnada wa kwanza wa korosho.

Naombeni tuelewane jicho limeumbwaje, maana ukilielewa hutahitaji mtu wa kukusukuma. Ile sehemu ya mbele kabisa, inayong'aa, iliyofunika weusi wa jicho, sisi wa hospitali tunaiita konea. Wengi mnaiita kioo cha jicho. Fikirieni kioo cha saa ya mkononi: mishale iko chini, kioo kiko juu, na kioo kikichafuka saa haisomeki hata kama mashine yake ni nzima. Unene wa konea pale katikati ni kama nusu milimita. Nusu milimita! Na haina mshipa hata mmoja wa damu. Mungu ameiacha bila damu ili mwanga upite. Lakini kwa kukosa damu, askari wa mwili wanaosafiri kwenye damu wanafika pale kwa kuchelewa.

Juu ya konea kuna ngozi laini sana. Ikiwa nzima, vijidudu vingi haviwezi kupenya. Ikichubuka, mlango umefunguka. Mchubuko mdogo na safi mwili huufunga kwa siku moja au mbili. Lakini kama kijidudu kimewahi kuingia kabla mlango haujafungwa, kinaanza kula nyama ya konea yenyewe. Hicho ndicho kidonda cha konea, na ndicho kilichonileta hapa.

Sasa niwasimulie. Kuna mzee mmoja wa huku kwetu, mkulima mzuri, mikorosho yake safi. Alikuwa anapogolea, tawi alilolikunja likamponyoka, kijiti kikamchapa jicho la kulia. Akafikicha, machozi yakatoka, akaendelea na kazi mpaka jua kali. Usiku jicho likawasha. Siku ya pili likawa jekundu. Siku ya tatu akawa hawezi kutazama mlangoni kwa sababu ya mwanga. Wiki ya kwanza ikaisha hivyo, mkewe akimwambia aende, yeye akijibu amalize kwanza kona ile ya shamba. Wiki ya pili ilipokuwa inaisha ndipo alipokuja kwetu ameshikwa mkono. Nilipommulika niliona doa jeupe katikati ya kioo, kingo zake zimechanika chanika, na chini ya weusi wa jicho mstari mweupe wa usaha umetuama ndani. Mwangalie mtu anayeijua kazi yake ya shamba kuliko wengi waliomo humu ndani, anakuuliza: "Daktari, kijiti tu?"

Kijiti tu. Lakini kijiti kile kilikuwa na fangasi. Fangasi wanaishi kwenye majani, kwenye matawi yanayooza, kwenye udongo. Wapo wanaoitwa Fusarium, wapo wanaoitwa Aspergillus, na kwenye nchi zenye joto kama yetu hawa ndio wanaosumbua sana macho ya wakulima. Kijiti kikichubua, hapohapo kinapanda mbegu. Na fangasi hana haraka. Anaingia taratibu, siku za kwanza unaumwa kidogo tu, unajidanganya kwamba unapona.

Mzee yule alipona kidonda. Ilichukua zaidi ya miezi miwili. Lakini kovu lilibaki katikati ya kioo, na jicho lile leo linaona mkono ukipungwa mbele yake, basi. Hawezi kuhesabu vidole.

Ndugu zangu, kovu hilo jeupe ndilo mnaloliita chamba. Naomba mlitenganishe na mtoto wa jicho. Mtoto wa jicho yuko ndani, nyuma ya mboni, na ukifanyiwa upasuaji unaweza kuona tena. Chamba kiko kwenye kioo chenyewe, na upasuaji ule haukiondoi. Nina wazee wanaofunga safari wakiamini watafanyiwa operesheni kama jirani yao, na ni mimi ninayelazimika kuwaambia. Kuna upandikizaji wa konea, ndiyo, lakini unahitaji konea ya mtu aliyefariki, wataalamu wake ni wachache, na si huduma utakayoikuta kwenye hospitali za wilaya. Kwa hiyo kidonda cha konea tunapigana nacho kabla hakijawa chamba.

Tunapigana nacho lini?

(Ukumbi: Mapema!)

Mapema ni lini? Semeni siku hiyohiyo. Na msidhani nasema hivyo ili kuwatisha. Kule Nepal, wilaya ya Bhaktapur, madaktari waliwafuatilia watu takribani elfu 35 kwa miaka miwili. Ni wakulima kama sisi, wanaumizwa macho na mpunga na miti. Kila aliyechubuliwa jicho alitakiwa aende kwa mhudumu wa afya wa kijijini, akapimwe, akapewe mafuta ya macho ya kloramfeniko, mara tatu kwa siku, siku tatu. Matokeo yalichapishwa 2001. Wote waliotibiwa ndani ya saa 18 tangu kuumia walipona bila kupata kidonda. Wote. Vidonda vilijitokeza kwa waliochelewa kupita hapo. Dawa ya kawaida kabisa, mhudumu wa kijijini, hakuna mashine kubwa. Tofauti ilikuwa saa tu.

Mwaka huohuo 2001, jarida la Shirika la Afya Duniani lilichapisha makadirio kwamba majeraha ya macho na vidonda vya konea huwapofusha watu kati ya milioni 1.5 na milioni 2 jicho moja kila mwaka duniani. Jicho moja. Na kwa kuwa la pili linaona, mtu huyo hahesabiwi kipofu, hakuna anayemlilia. Lakini mwulizeni mwenye jicho moja ilivyo kupanda mkorosho, au kuvuka barabara ya Mtwara magari ya mizigo yakipita.

Sio fangasi peke yake. Bakteria nao wapo, na hao wana kasi. Kuna aina ya bakteria inayoweza kutoboa konea kwa siku mbili tu. Kuna kirusi cha malengelenge, kile kinachotoa vipele vya maji mdomoni, kinaweza kupanda jichoni na kikawa kinarudi kila mwili unapochoka. Mama zangu mnaobangua korosho mnayajua yale mafuta meusi ya ganda yanavyounguza vidole. Yakiruka jichoni yanaunguza vilevile, na kipande cha ganda kinakuja na nguvu. Salfa nayo inawasha, mtu anafikicha, kufikicha ndiko kunakochubua. Kuna waliopooza upande wa uso, jicho halifumbi usiku, kioo kinakauka. Na vijana wa mjini wanaovaa lenzi za rangi, wanalala nazo na kuziosha kwa maji ya bomba: nao wanaingia humuhumu. Sukari ikiwa juu, au kinga ya mwili ikiwa imeshuka, kidonda kinapata nafasi zaidi, ndiyo maana tukikupima sukari na VVU ukiwa umekuja kwa ajili ya jicho, usikasirike.

Na swila, yule nyoka anayetema. Niseme kidogo kuhusu swila, kwa sababu yuko kwenye mashamba yetu na wengi hawajui kwamba mate yake yanaleta kidonda cha konea. Kijana mmoja alikuwa anafukua kichuguu, swila akamtemea macho yote mawili. Wenzake walikuwa na dumu la maji ya kunywa, lita 20, walilobeba kwa baiskeli kutoka kwenye kisima cha mbali. Nyinyi mnajua maji huku juu Umakondeni ni mali. Walimlaza, wakamfumbua macho, wakamimina dumu zima. Walibaki bila maji ya kunywa siku nzima wakiwa porini. Alipofika kwetu jioni, konea zilikuwa zimechubuka lakini hazijaungua sana, tukampa dawa ya kuzuia vijidudu, akapona macho yote mawili. Nataka kila mtu hapa ajue walichokifanya wale vijana. Hawakumtia maziwa, hawakumtia mkojo. Maji, mengi, hapohapo, kisha hospitali. Ni vilevile kwa salfa na mafuta ya ganda la korosho: maji mengi kwanza, robo saa au zaidi, ndipo safari.

Sasa mtajuaje kwamba jicho lina kidonda na sio macho mekundu ya kawaida? Mnakumbuka mwanzoni mwa 2024 ugonjwa wa macho mekundu ulivyotoka Dar es Salaam ukasambaa mikoani. Yale yalikuwa yanashika macho yote mawili, matongo asubuhi, yanawasha, nyumba nzima inaambukizana, lakini ukifuta matongo unaona vizuri. Kidonda cha konea kwa kawaida ni jicho moja. Linauma kweli, linachoma, unahisi kuna mchanga ndani na ukitazama hakuna mchanga. Machozi yanatiririka. Mwanga unaumiza, mtu anakaa ndani amefunika kanga. Uwezo wa kuona unapungua. Na ukisimama na mwenzio kwenye mwanga, unaona doa jeupe au la kijivu juu ya weusi wa jicho. Ukiliona doa hilo, hata kama haliumi sana, usingoje chochote.

Kwa mtoto hutaambiwa. Mtoto atakataa kufumbua jicho, atalala kifudifudi, atalia ukimpeleka juani.

Tukifika hapo tuzungumze jambo gumu, na naomba wazee wangu wasinielewe vibaya. Jicho likiuma huku kwetu, linatibiwa kabla ya kuletwa. Maji ya majani yaliyotwangwa. Maziwa ya mama anayenyonyesha. Mkojo wa mtoto. Sukari iliyosagwa ili ikwangue doa. Mate ya mtu aliyetafuna mzizi. Anayekufanyia haya anakupenda. Ni bibi yako, ni jirani, na hakutozi hata mia. Sisemi ana nia mbaya. Nasema konea haina pa kukimbilia. Majani yana fangasi walewale, mkojo na mate vina bakteria, na vingine vinaunguza moja kwa moja. Huko Mbarara, Uganda, watafiti waliwauliza wagonjwa wenye vidonda hivi. Zaidi ya nusu walikuwa wameshatiwa dawa za kienyeji kabla ya kufika hospitali, na hao ndio waliokuwa wamechelewa zaidi. Haya yalichapishwa 2019. Ningewauliza wagonjwa wa Tandahimba, sidhani majibu yangekuwa mbali na hapo.

Waganga wa kienyeji mliopo, na najua mpo, na wengine ni ndugu zangu wa damu, nina ombi moja. Mgonjwa wa jicho akija, msimtie kitu ndani ya jicho. Mwombeeni, mpeni maneno mazuri, kisha mwambieni nyinyi wenyewe aende hospitali. Neno lenu linasikilizwa kuliko langu.

Lakini dawa za kienyeji sio hatari peke yake. Ipo nyingine, nayo inauzwa kwenye chupa safi yenye lebo. Mama mmoja, mjasiriamali wa samaki wakavu, aliingiwa na kitu jichoni akiwa anapepeta. Akaenda duka la dawa, akaeleza, akauziwa matone. Kesho yake wekundu ukapungua, maumivu yakapungua. Akafurahi. Akaendelea wiki nzima, chupa ikaisha, akanunua ya pili. Doa jeupe likawa linakua, yeye anaona wekundu umekwisha, anajua anapona. Ile dawa ilikuwa na deksamethasoni ndani, dawa ya jamii ya steroidi. Steroidi inazima wekundu kwa sababu inawalaza askari wa mwili. Fangasi akawa amebaki peke yake kwenye konea, anakula bila kusumbuliwa. Alipoletwa jicho lilikuwa limeshatoboka. Halikuokolewa, lilitolewa.

Nyinyi wenye maduka ya dawa muhimu, najua mnaposimama kwenye kaunta mtu anawabana, anataka kitu cha haraka. Mkiona jicho jekundu lenye maumivu na doa, au mtu aliyepigwa na kijiti, msiuze matone yenye deksamethasoni, prednisoloni wala betamethasoni. Hata akiomba. Hata akisema alipewa mwaka jana. Steroidi zina kazi yake kwenye macho, lakini anayeamua ni yule aliyelipima jicho lile. Na nyinyi mafundi wa kuchomelea, zile dawa za ganzi za macho mnazogawiana mkipigwa na mwanga wa moto, acheni. Zinaondoa maumivu na zinazuia kioo kisipone.

Sasa ukiwahi, tunakufanyia nini? Tunaweka rangi ya machungwa kidogo jichoni, inaitwa fluoresini, haiumi. Tukikumulika kwa mwanga wa bluu, sehemu iliyochubuka inawaka kijani. Tukiona kidonda, tunakukwaruza kidogo baada ya kukuwekea ganzi, kinachotoka tunakitazama kwa hadubini: ni bakteria au ni fangasi? Kama ni bakteria, unaanza matone ya antibaiotiki, kama siprofloksasini. Kama ni fangasi, ni matone ya natamisini, dawa ambayo Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2017. Haipatikani kila duka, na ndiyo sababu tunaweza kukuandikia rufaa hata kama unaona kidonda ni kidogo. Kama ni kirusi cha malengelenge, ni mafuta ya asaiklovia mara tano kwa siku. Tunakupa pia matone ya kutanua mboni, yanapunguza maumivu. Hatufungi jicho kwa bandeji, na wewe usilifunge.

Halafu inakuja kazi yenyewe. Matone hayo, siku za kwanza, ni kila saa. Kila saa, mchana na usiku. Hapo ndipo wengi tunawapoteza. Mtu anaweka asubuhi, mchana na jioni kama vidonge vya malaria, wiki moja anarudi kidonda kimekuwa mara mbili, anasema dawa za hospitali hazifai.

Nina bibi mmoja nitamkumbuka maisha yangu yote. Alichomwa jicho na bua la mtama, akapata kidonda, wajukuu wakamwahisha. Alikuwa na usikivu mdogo na mikono inatetemeka, asingeweza kujiwekea matone hata mara moja. Wajukuu wale, mkubwa yuko kidato cha pili, walikaa chini wakagawana usiku. Mmoja mpaka saa sita, mwingine mpaka saa tisa, wa tatu mpaka alfajiri. Kengele ya simu ikilia, mtu anaamka, ananawa mikono, anashusha kope ya chini, tone moja, bila kugusisha ncha ya chupa kwenye jicho. Dawa ya pili wanasubiri dakika tano ili isiioshe ya kwanza. Waliandika kila saa kwenye daftari la hesabu na wakaniletea daftari lile kliniki. Mistari imenyooka, hakuna usiku uliorukwa. Bibi yule leo anachagua mawe kwenye mchele kwa jicho lilelile. Dawa ilikuwa ileile ninayowapa wengine.

Kwa hiyo ukija, njoo na mtu. Ukiambiwa ulazwe, kubali ulazwe, kwa sababu wodini kuna muuguzi wa kuamka. Na usiache dawa kwa kuwa maumivu yameisha. Fangasi anatibiwa kwa wiki nyingi.

Watoto. Nitasema kwa kifupi lakini nalisema kwa uzito wote. Utafiti uliofanyika hapahapa Tanzania, ukachapishwa 1987, ulikuta kwamba miongoni mwa watoto wenye vidonda vya konea, zaidi ya theluthi moja walikuwa wametoka kuugua surua. Surua inamaliza vitamini A mwilini, na bila vitamini A kioo cha jicho kinakauka na kinaweza kuyeyuka kwa siku chache, mara nyingi macho yote mawili. Ndiyo maana chanjo ya surua ipo, miezi 9 na miezi 18. Ndiyo maana matone ya vitamini A yanatolewa Juni na Desemba kwa watoto wa miezi 6 mpaka miaka mitano. Mama aliyekosa Desemba kwa sababu alikuwa anaokota korosho, asikose Juni. Na majani ya muhogo, mapapai, maembe na viazi lishe tunavyo, tuwape watoto kabla ya kupakia gari la sokoni. Mtoto mwenye surua asikae ndani gizani akitiwa majani machoni. Apelekwe zahanati siku hiyohiyo akapate vitamini A.

Wenye vikope, wale ambao kope zimegeukia ndani zinakwangua kioo kila wanapopepesa: msikae mnazing'oa kwa kibanio miaka na miaka. Kuna upasuaji mdogo wa kuzirudisha, njooni.

Mheshimiwa Mwenyekiti, namalizia na maombi, na naomba yaingie kwenye muhtasari.

La kwanza, miwani ya kinga. Ile ya plastiki iliyofunga pembeni. Bei yake ni kama kilo mbili tatu za korosho. Mkiagiza pembejeo, chama kiagize na miwani, kila anayechukua salfa achukue na miwani, na anayekwenda kupogolea, kupura au kubangua aivae. Najua inaloa jasho, inaingia ukungu, inaudhi. Ivaeni hivyohivyo.

La pili, usafiri. Mtu akiumia jicho asubiri mnada ndipo apate nauli? Mfuko wa jamii wa chama utenge fedha ya bodaboda kwa aliyeumia jicho, kutoka kitongojini mpaka zahanati, na kutoka zahanati mpaka hospitali ikibidi. Zahanati wanaweza kuanza matone au mafuta ya antibaiotiki hapohapo na kumwandikia rufaa. Lakini akipigwa na kitu kikali, mkaona jicho limevuja maji au mboni haiko duara tena, msilioshe, msilibonyeze, msipake mafuta. Lifunikeni kwa kitako cha kikombe cha plastiki kisichogusa jicho, bandikeni kwa plasta, aende moja kwa moja hospitali.

La tatu, wahudumu wa afya wa vitongoji wasimame sasa hivi ili watu wawaone sura. Simameni. Huyo, na yule pale, na mama mwenye ushungi wa kijani. Chukueni namba zao kabla hamjatoka.

Nina tochi ya mwanga wa bluu na karatasi zenye ile rangi ya fluoresini. Nitakaa darasa la pili hapo pembeni wakati nyinyi mkiendelea na makato, na anayeumwa jicho aje nimtazame. Baba yangu wa mstari wa tatu, uliyefunga leso jichoni, naomba uwe wa kwanza, na leso uifungue tukiwa tunakwenda.